Kabla hujabonyeza 'Nakubali'

LONDON — Siku hizi ni nadra kuonana na mtu wa ofisi hapa London kabla ya kujaza fomu mtandaoni. Wakili wa uhamiaji, daktari wa familia, mshauri wa madeni, hata jumuiya zetu zinazosaidia wageni, wote wanatuma fomu: jina, anwani, shida yako, na mwisho kisanduku kilichoandikwa "Nakubali". Mwenzetu anayerudi kutoka kubeba boksi usiku anakiwekea tiki ndani ya basi, yamekwisha.

Kwetu sisi tulioondoka nyumbani kwa sababu ya kalamu, anwani si kitu cha kugawa ovyo. Na hofu hiyo si ya kujitungia. Januari 2017 yalianza kutumika makubaliano kati ya NHS Digital, chombo kilichotunza takwimu za afya Uingereza, na Wizara ya Mambo ya Ndani. Kupitia makubaliano hayo wizara iliweza kupewa anwani za watu iliowatafuta kwa makosa ya uhamiaji. Mgonjwa alitoa anwani ili atibiwe, ikatumika kumsaka. Baada ya Kamati ya Afya ya Bunge kupiga kelele, Mei 2018 serikali ilitangaza kuyabana yahusu makosa makubwa ya jinai.

Nairobi nako kuna funzo. Katikati ya 2023 watu walipanga foleni kwenye jengo la KICC ili mboni zao zipigwe picha na mashine ya Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ridhaa iliyovutwa kwa pesa, ilisema mahakama, si ridhaa halali.

Sheria ya Uingereza nayo haina utata. Ridhaa lazima itolewe kwa hiari, kwa jambo mahsusi, baada ya maelezo, na kwa kitendo cha wazi. Kisanduku ulichokikuta na tiki tayari hakihesabiki. Kuiondoa ridhaa lazima kuwe rahisi kama kuitoa. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za data mwaka 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Kwa hiyo tunawaambia wenzetu wanaoendesha ofisi na jumuiya: fomu nzuri huuliza machache. Hatua ya kwanza inahitaji jina, namna ya kuwasiliana na aina ya tatizo. Habari za mateso zisubiri ana kwa ana. Tengeni tiki: ya kupeleka taarifa kwa taasisi nyingine isichanganywe na ya kupokea matangazo. Waulizeni wateja kama ni salama kuwapigia au kuwaachia ujumbe, maana wapo akina mama ambao simu zao hushikwa na wale wale wanaowapiga. Andikeni Kiswahili cha nyumbani, kisha mpeni mzee mmoja asome na aeleze alichoelewa. Akikwama, fomu ndiyo yenye kosa.

Na jambo la watoto. Katika familia nyingi mtoto wa shule ndiye msomaji wa Kiingereza, akimtafsiria mama maswali ya uzazi au ya ubakaji. Ridhaa ya namna hiyo ni ya nani? Wekeni nafasi ya kuomba mkalimani mwanzoni kabisa, si ukurasa wa mwisho.

Nawe ndugu msomaji, kabla ya kubonyeza, uliza: taarifa hizi ni za kazi gani, nani mwingine ataziona, zitakaa muda gani? Tena fahamu kwamba, kwa mwongozo wa NHS England, kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji uthibitisho wa makazi wala wa hali yako ya uhamiaji. Usikae nyumbani unaumwa kwa kuogopa fomu.

Kuuliza si ujinga, wala ofisi yenye nia njema haichukii maswali hayo. Inayokukimbiza ubonyeze upesi, hiyo ndiyo ya kuitazama mara mbili.