Wimbo wa Kidonge Uliokataliwa Redioni

Mama mmoja alikuja kliniki nilikokuwa nikifanya kazi akiwa na mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, na mimba ya miezi mitano tumboni. Kabla ya kuniuliza habari za vidonge vya uzazi wa mpango atakapokwisha kujifungua, aligeuka kwanza kutazama mlangoni, kisha akanong'ona. Nilidhani anamwogopa mumewe. Kumbe aliwaogopa zaidi akina mama wenzake wa kanisani.

Kila nimkumbukapo mama yule, humkumbuka pia mwimbaji wa Marekani, Loretta Lynn. Neno ambalo mama yule alilinong'ona, yeye aliliimba mbele ya watu wote, na likamletea matata makubwa.

Binti wa mchimba makaa

Loretta alizaliwa tarehe 14 Aprili 1932 huko Butcher Hollow, milimani katika jimbo la Kentucky. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na yeye alikuwa wa pili kati ya watoto wanane. Januari 1948, akiwa na miaka 15, aliolewa na Oliver Lynn. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba aliolewa akiwa na miaka 13, hadi mwaka 2012 hati za kuzaliwa zilipoonyesha umri wake halisi. Kumi na mitatu au kumi na mitano, msomaji mpendwa, bado alikuwa mtoto.

Alipofika miaka 20 hivi alikuwa tayari ana watoto wanne. Alifua, alipika, alilea, na katikati ya kazi hizo aliimba. Mumewe alimsikia, akamnunulia gitaa, naye akajifundisha mwenyewe. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1960. Mwaka 1964 akazaa mapacha, na watoto wakawa sita. Mwaka 1972 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka na Chama cha Muziki wa Kantri.

Alipendwa kwa sababu aliimba mambo ya nyumbani bila kuyapaka rangi: mume mlevi, mwanamke anayemnyemelea mume wa mtu, uchovu wa mama mwenye watoto wengi.

Wimbo uliofichwa

Mwaka 1972 alirekodi wimbo uitwao "The Pill", yaani kidonge. Ndani yake mke anamwambia mumewe kwamba miaka yote hiyo yeye amekuwa mtu wa mimba na kujifungua, huku mume akienda kustarehe. Sasa, asema mke, mambo yamebadilika, maana amepata kidonge. Ni wimbo wa utani, lakini utani wake una makali.

Kampuni yake ya muziki iliuweka kabatini kwa zaidi ya miaka miwili. Ulitoka mwaka 1975, ukawa pia katika albamu yake ya mwaka huo, "Back to the Country", iliyotayarishwa na Owen Bradley.

Tukumbuke hali ya nchi yao wakati ule. Vidonge viliruhusiwa Marekani mwaka 1960, lakini hadi mwaka 1965 ilibidi Mahakama Kuu iamue kwamba serikali ya jimbo haiwezi kuwakataza wanandoa kuvitumia. Ilipofika 1972 ndipo wasioolewa nao wakapata haki hiyo. Basi wimbo ulipotoka, jambo lenyewe lilikuwa bado bichi.

Jinsi ulivyopokelewa

Vituo vingi vya redio vilikataa kuupiga. Wahubiri waliukemea mimbarini. Mwimbaji aliyezoea kushika nafasi ya kwanza, safari hii wimbo wake uliishia nafasi ya 5 katika orodha ya nyimbo za kantri. Hata hivyo, katika orodha ya nyimbo za kila aina ulifika nafasi ya 70, na hakuna wimbo mwingine alioimba peke yake uliofika juu zaidi ya hapo. Waliokatazwa kuusikia redioni walikwenda dukani kuununua.

Loretta alishangaa. Nyimbo za wanaume kuhusu ulevi na uzinzi zilipigwa mchana kutwa, ila mke aliyeolewa kwa halali, akizungumzia tumbo lake mwenyewe, alionekana hana adabu. Yeye hakusema kwamba watoto ni balaa, kwani aliwapenda wake wote. Alichosema ni kwamba laiti angekipata kidonge katika ujana wake, asingezaa kwa kufululiza vile.

Lililonigusa mimi kama muuguzi ni hili: alisimulia kwamba madaktari wa vijijini walimpongeza. Walimwambia wimbo wake umewafikishia wanawake wa huko ndani habari ambazo vijitabu vyote vya afya vilishindwa kuwafikishia.

Na sisi je?

Sikuandika haya ili kumwambia mtu atumie kidonge. Najua makanisa yetu hayana sauti moja. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, hukubali njia za asili tu. Madhehebu mengine mengi huwaachia mume na mke waamue kwa dhamiri zao. Kila mmoja na afuate imani yake.

Ila kunyamaza si imani. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya kujifungua salama mama asubiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zikifuatana mno, mama huishiwa damu, na mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Haya nimeyaona kwa macho yangu wodini.

Kwa anayefikiria vidonge, asivinunue kimyakimya wala kuazima vya jirani. Aende kliniki apimwe shinikizo la damu na aulizwe habari za afya yake. Anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye shinikizo la juu, aliyewahi kuganda damu miguuni, au mvutaji wa sigara aliyefikisha miaka 35, hawafai kupewa vidonge vyenye homoni mbili. Humezwa kila siku bila kuruka. Na havimkingi mtu na UKIMWI.

Loretta aliishi na mumewe, pamoja na misukosuko yao mingi, mpaka kifo kilipowatenganisha mwaka 1996. Yeye alifariki tarehe 4 Oktoba 2022, akiwa na miaka 90.

Na yule mama wa kliniki? Alirudi baada ya kujifungua, na safari hii hakuja peke yake. Mumewe aliketi kwenye benchi amempakata mtoto, akauliza maswali mengi kuliko mkewe. Njia waliyoichagua ni siri yao. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuna aliyenong'ona.