Spika ya besi: tusiunguze mchango wa familia

Kwaya zetu nyingi zinachanga kidogo kidogo ili gitaa ya besi isikike vizuri. Pesa hiyo ni jasho la mama aliyeuza mboga, ndiyo maana tunaandika haya kabla watu hawajapanda gari kwenda Kigali.

Mkifika Gitega au mitaa mingine ya Nyarugenge, msichague kwa ukubwa wa sanduku. Geuzeni, someni nyuma. Hapo kuna namba mbili. Ya kwanza ni wati, yaani nguvu ambayo spika inaweza kubeba. Ya pili ni omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Kama amplifaya imeandikwa mwisho wake omu 4, basi hapo mmefika. Mkiongeza ya tatu, itachemka na inaweza kuungua.

Kamba nene ya besi inatetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya redio haiwezi kazi hiyo, itakwaruza tu halafu ipasuke. Tafuteni ya inchi 15 moja, ama za inchi 10 mbili.

Nendeni na gitaa pamoja na amplifaya yenu, mpige kwa nguvu palepale dukani. Mbao zikigongana, muache. Waya wa spika uwe mnene, si ule wa gitaa. Na risiti muombe, wenye kuchanga waione.