MASHINDANO YA KUBANA MAFUTA NA HAKI YA MIZANI

Mashindano ya kuendesha gari kwa kubana mafuta hayafanani na mashindano mengine ya magari. Mshindi siye anayefika mwanzo, bali ni yule anayefika kwa wakati uliowekwa hali ya kuwa ametumia mafuta machache kuliko wenziwe. Kwa visiwa kama Unguja na Pemba, ambako petroli na dizeli huletwa kwa meli, faida ya elimu hiyo ni dhahiri.

Nchini Marekani, mashindano yaliyoitwa Mobil Economy Run yalianza mwaka 1936 na kuendelea hadi 1968, isipokuwa katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Yalishindanisha magari ya kawaida. Boneti zilitiwa lakiri, mafuta yalitoka katika tangi maalumu, na kila gari ilichukua mwangalizi. Mashindano ya Shell Eco-marathon nayo yana asili yake katika dau la mwaka 1939 baina ya watumishi wa maabara ya Shell huko Illinois. Humo wanafunzi huunda vyombo vyao wenyewe. Mwaka 2005, chombo PAC-Car II cha chuo cha ETH Zurich, Uswisi, kinachotumia haidrojeni, kilifikia kiwango kilicho sawa na kilomita 5,385 kwa lita moja ya petroli.

Msingi wa haki katika mashindano haya ni upimaji. Gari inayokwenda kilomita 12 kwa lita hutumia lita 5 tu katika safari ya kilomita 60. Iwapo mwisho wa safari tangi litajazwa pungufu kwa robo lita, kwa sababu gari imesimama upande au hewa imebakia ndani, hesabu itaonesha kilomita 12.6 kwa lita, na asiyestahiki atapewa ushindi. Aidha, petroli hutanuka kwa joto, takriban asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Hivyo basi, ni vyema kila gari ifungwe tangi dogo la kuondosheka, lipimwe kwa mizani kabla na baada ya safari, kwani uzito wa mafuta haubadiliki kwa joto.

Jambo la pili ni muda. Wahenga wamesema polepole ndiyo mwendo, lakini mashindano yasiyo na kikomo cha muda humpa tuzo anayejikokota na kuziba njia. Anayechelewa kupita muda uliotangazwa hutolewa, na anayevuka mwendo unaoruhusiwa na sheria hutolewa vilevile.

Jambo la tatu ni usalama, na hapa pasiwe na msamaha. Katika barabara zenye vilima, kama nyingi za Pemba, dereva huvutika kuzima mashine wakati wa kuteremka ili aokoe matone machache. Mashine ikizimwa, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache na usukani huwa mzito. Ufunguo ukichomolewa, usukani huweza kujifunga. Atakayezima mashine njiani aondolewe papo hapo, kwani hakuna lita ya mafuta yenye thamani ya roho ya mtu.

Usawa baina ya washiriki nao hauna budi kulindwa. Magari yagawiwe kwa ukubwa wa mashine, na ya dizeli yasichanganywe na ya petroli, kwani lita ya dizeli ina nguvu zaidi. Upepo wa matairi upimwe na waandalizi asubuhi ya siku hiyo, na mizigo iwe sawa. Mwangalizi apangwe kwa kura, wala asipande gari ya timu yake. Magari yaondoke moja moja kwa kupishana dakika kadhaa, ili yasifuatane karibu na kukingiana upepo.

Huenda mtazamaji akaona kuwa mashindano yasiyo na kasi hayana msisimko. Msisimko wake umo katika mizani. Upimaji ufanyike hadharani, lakiri ikatwe mbele ya dereva mwenyewe, na kila hesabu iandikwe ubaoni hapo hapo, ili watu waone nafasi zinavyobadilika hadi tangi la mwisho. Kabla ya zawadi kutolewa, uwekwe muda wa malalamiko, na kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi.

Anayoyafanya mshindi ni mambo ambayo dereva yeyote anaweza kuyafanya kila siku: kuondoka taratibu, kutazama mbali ili asifunge breki ovyo, kutunza upepo wa matairi na kushusha mzigo usiohitajika. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mizani ikitiliwa shaka, ushindi utaonekana kuwa hila, na madereva wataipuuza elimu ambayo mashindano yalikusudiwa kuitoa.