Daftari la Mlangoni ni Amana

Mtu aingiapo katika jengo la ofisi, zahanati au nyumba ya wageni huko Kagarama, katika Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, aghalabu jambo la kwanza aombwalo ni kitambulisho. Mlinzi hulifungua daftari, akaandika jina la mgeni, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia na jina la mwenyeji wake. Kisha daftari huachwa wazi juu ya meza, kalamu imelala katikati ya kurasa. Afikapo mgeni wa pili, macho yake yaweza kuusoma ukurasa mzima: nani aliyemtangulia, alimwendea nani, na simu yake ni namba gani.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mlinzi alitimiza wajibu wake, na mgeni hakulalamika. Hata hivyo, daftari lile ni ghala la habari za watu, na nchini Rwanda ghala la namna hiyo lina sheria yake, yenye faini na kifungo. Mashirika mengi huijua sheria hiyo kwa jina tu. Wakuu wake hudhani kwamba inawahusu mabenki na makampuni ya simu, wala si shule ya mtaani, duka la dawa au chama cha akiba na mikopo.

Sheria yasemaje?

Ibara ya 23 ya Katiba ya Rwanda huilinda faragha ya kila mtu. Ili kuitia nguvu haki hiyo ilitungwa Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, juu ya ulinzi wa taarifa binafsi na faragha. Ilianza kutumika tarehe 15 Oktoba 2021, siku ilipotangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Mashirika yalipewa miaka 2 ya kujitengeneza, na muhula huo ulikwisha mwezi Oktoba 2023. Tangu hapo, kisingizio cha kwamba bado tunajifunza hakina nafasi.

Taarifa binafsi ni habari yoyote iwezayo kumtambulisha mtu: jina, namba, picha, mahali anapoishi. Sheria haibagui baina ya kompyuta na karatasi. Daftari la mlinzi limo, na faili la kabatini limo. Zipo pia taarifa nyeti, ambazo zahitaji uangalifu mkubwa zaidi: hali ya afya, asili ya mtu, dini, msimamo wa kisiasa, rekodi za makosa ya jinai, alama za vidole, na mambo ya ndani ya familia.

Anayeamua taarifa zikusanywe kwa ajili gani ndiye mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa niaba yake ndiye mchakataji. Wote wawili hutakiwa kujiandikisha kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, ijulikanayo kama NCSA, na kupata cheti. Hutakiwa kukusanya kile tu kinachohitajika, kukitumia kwa kazi ile tu iliyotajwa, na kutokihifadhi kupita muda wa haja.

Karatasi iliyokuwa hukumu

Wapo wasemao kwamba mambo haya yametoka ng'ambo na hayatuhusu. Wanaosema hivyo wamesahau historia ya nchi yenyewe. Katika miaka ya 1930 utawala wa kikoloni wa Kibelgiji ulianza kuwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenyewe. Kwa karani wa siku zile lilikuwa neno moja tu katika mstari mmoja wa fomu. Miaka 60 baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mtu aliyesimamishwa kizuizini aliulizwa kwanza kadi ile, na neno lile moja likawa hukumu ya kifo.

Wakazi wa Kagarama hawana haja ya kwenda mbali kukumbushwa. Humo humo Kicukiro, tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, na wakimbizi zaidi ya 2,000 waliokuwa wamejisitiri hapo wakaachwa mikononi mwa wauaji. Walio wengi waliuawa kilimani Nyanza, ambako leo pana makumbusho yao. Baada ya mwaka huo neno la kabila liliondolewa katika vitambulisho. Fundisho lake limebaki: taarifa iliyokusanywa leo kwa nia ya utaratibu yaweza kesho kuangukia mikono mingine yenye nia nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila shirika ni hili: je, jambo hili twahitaji kuliandika?

Mitihani mitatu ya mashirika

Sheria ni rahisi kusomeka, bali utekelezaji wake una mitihani.

Mtihani wa kwanza ni wa saa. Taarifa zikivuja, kuibwa au kupotea, mkusanyaji hutakiwa kuiarifu NCSA katika saa 48 tangu alipofahamu, na kupeleka ripoti kamili katika saa 72. Ikiwa hatari ni kubwa kwa wenye taarifa, nao wapaswa kuambiwa. Lakini je, karani aliyepoteza kompyuta ya ofisi ndani ya basi jioni ya Ijumaa, atasema Jumatatu, au atanyamaza akihofia kufukuzwa kazi? Shirika linalomwadhibu mara moja kila aungamaye hujifunga macho lenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtihani wa pili ni wa mahali. Sheria yataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya Rwanda, isipokuwa kwa mwenye cheti kinachomruhusu kuzihifadhi nje. Jambo hili lilikuwa na uzito hata kabla ya sheria hii. Mwezi Mei 2017, RURA, yaani mamlaka ya Rwanda inayosimamia huduma za mawasiliano, iliitoza kampuni ya simu ya MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7, kwa kuendesha mitambo yake ya habari kutoka Uganda kinyume cha masharti ya leseni. Kampuni kubwa ina mawakili na mafundi wa kuulizwa. Shule ndogo hutumia barua pepe ya bure na programu ya simu iliyotengenezwa ughaibuni, wala mwalimu mkuu hajui majina ya wanafunzi wake yamelala katika nchi gani. Hata hivyo, kutojua sheria si kinga mbele ya hakimu.

Mtihani wa tatu ni wa fundi. Mashirika mengi hukodi mtu wa nje kuitunza kompyuta, kutengeneza orodha ya mishahara au kutuma ujumbe kwa wateja. Mtu huyo hupewa neno la siri, akaachwa peke yake na habari za watu wote. Wakuu hudhani kwamba akikosea, kosa ni lake. Sivyo. Aliyekusanya taarifa hubaki na dhamana yake, na hutakiwa kuwa na mkataba wa maandishi unaosema fundi afanye nini, asifanye nini, na azirudishe vipi taarifa kazi ikwishapo.

Adhabu si ya mchezo

Kwa makosa ya kiutawala, kama vile kutojiandikisha au kutotoa habari za uvujaji, faini ni faranga 2,000,000 hadi 5,000,000, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Anayezichukua, kuzitumia au kuzitoa taarifa za watu kinyume cha sheria aweza kufungwa mwaka 1 hadi 3 na kutozwa faranga 7,000,000 hadi 10,000,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Anayeziuza, kifungo chake ni miaka 5 hadi 7. Karani anayempa rafiki yake mfanyabiashara orodha ya simu za wateja, kwa malipo ya soda na nauli, hana budi kuyapima malipo hayo kwa mizani hiyo.

Nchi jirani zimekwisha kuonyesha kwamba sheria za namna hii si pambo. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023, kamishna wa ulinzi wa taarifa wa nchi hiyo aliitoza shule iitwayo Roma School shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera Lounge shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Hazikuwa benki wala kampuni za simu.

Askari na polisi

Sheria haiwafungi mikono walinzi wa usalama. Ridhaa ya mwenye taarifa ni njia mojawapo tu ya uhalali. Nyingine ni wajibu wa kisheria, manufaa ya umma, na kazi halali ya chombo cha serikali. Mpelelezi mwenye jalada na kibali hupewa anachostahili. Lakini sare peke yake si kibali. Ofisa atakaye kujua dada yake alilala nyumba gani ya wageni, au mkopo wa jirani umefikia wapi, hana haki zaidi ya raia mwingine. Meneja anayemwomba barua hamdharau. Humlinda yeye, na hujilinda mwenyewe.

Tena yafaa familia za askari zikumbuke haki moja isiyojulikana sana. Sheria humruhusu mtu kuteua katika wosia mrithi wa taarifa zake binafsi. Kwa askari apelekwaye kulinda amani nje ya nchi, mstari huo mmoja waweza kumpunguzia mjane taabu nyingi.

Yafanyikayo kwa gharama ndogo

Mlangoni, daftari la wazi libadilishwe kwa karatasi moja moja, moja kwa kila mgeni, zifungiwe jioni katika kabati lenye ufunguo. Karatasi zilizokwisha kazi zichomwe moto au zikatwekatwe, zisiende sokoni kufungia karanga. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na siku aachapo kazi lifutwe. Chama cha akiba kiandike katika ukurasa mmoja ni nani anayeruhusiwa kuona nini, na taarifa zikivuja ni nani aarifiwe kwanza.

Wazazi nao wajue kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Shule ikitaka kutangaza picha yake, mzazi ana haki ya kuuliza itawekwa wapi, kwa kazi gani, na kwa muda gani. Aulize kwa adabu, na ajibiwe kwa adabu.

Jioni, mlinzi wa Kagarama amkabidhipo mwenzake zamu, humkabidhi funguo, tochi na rungu, na kila kimoja huandikwa. Daftari la wageni laistahili nafasi yake katika orodha hiyo. Ndani yake mna majina ya watu walioamini kwamba nyumba waliyoingia itawahifadhi, na amana hurejeshwa kama ilivyopokewa.