Likizo ya Zanzibar na Njia ya Fedha za Mgeni

Utalii wa Unguja hufuata pepo kabla ya kufuata bei. Kaskazi, yaani upepo mkavu unaovuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi, unaoleta ubaridi wa Juni hadi Septemba, ndizo nyakati vyumba vinapojaa. Masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, huzifanya hoteli kadhaa za pwani zifunge milango na nyingine zishushe bei. Kwa hiyo mgeni anapochagua mwezi wa kusafiri huwa pia ameamua nani atapata kazi, na kwa muda gani.

Fukwe nyeupe Shelisheli inazo pia, na Maldivi vilevile. Kinachoitofautisha Zanzibar ni utamaduni: Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia, tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika tangu 2004, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo kila Julai wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kuondoa kinyongo cha mwaka unaokwisha. Hata hivyo, bidhaa hiyo ndiyo inayolipwa kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya likizo huuzwa kwa malipo ya jumla, utaratibu ambao mgeni hulipia chumba, chakula na vinywaji kwa wakala wa nchini kwake kabla hajapanda ndege, na akishafika hana sababu kubwa ya kutoka nje ya geti la hoteli.

Ziara ya viungo huko Kizimbani na Kidichi inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Mwongozaji huparua gome la mdalasini ili linuswe, kisha hupasua tunda la kungumanga mpaka utando mwekundu wa basbasi uonekane umeikumbatia kokwa, huku kijana wa shambani akisuka kofia kwa makuti mabichi na mkwezi akipanda mnazi kuangua madafu. Ujuzi wote huo ni wa wanakijiji, lakini bei ya ziara hupangwa mjini, ambako hukatwa gharama za gari, dereva na dalali (wale wa mitaani huitwa papasi), na mara nyingi shamba hubaki kutegemea bahashishi na vipakiti vya viungo vinavyonunuliwa mwishoni. Karafuu za mkulima zina mnunuzi wake kisheria, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), linalotangaza bei hadharani. Maelezo ya mkulima huyo kwa wageni kuhusu karafuu hizohizo hayana bei inayotangazwa popote, na hilo ni kasoro kubwa ya biashara hii.

Kwa upande wa taratibu, tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya Tanzania hutakiwa kukata bima ya safari ya Zanzibar kwa dola 44 za Marekani. Aangalie pia kalenda ya Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa kuwa migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana.

Anayepanga likizo na atenge walau siku tatu za kulala Mji Mkongwe kabla ya kuelekea ufukweni, na wauzaji wa ziara waandike malipo ya shamba kwenye stakabadhi, kando ya malipo ya gari.