Je, Wajua? Filimbi kuukuu ya Ulaya huenda ilianzia Kilwa

Filimbi nyingi za mbao zilizotengenezwa Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 19 zilichongwa kwa mpingo, mti unaopatikana kwa wingi katika misitu ya Kilwa na Lindi. Mbao yake ni nzito hata huzama majini, na mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Basi filimbi iliyosahaulika kabatini kamwe isitupwe!

Mara nyingi kinachoiua ni ukavu: mbao husinyaa, ufa hutokea, maungio hulegea na pumzi huvuja. Fundi huirudishia unyevu polepole, kisha huipaka ndani mafuta ya lozi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Akiharakisha, ufa huongezeka. Ufa huo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo wenyewe, na maungio huzungushiwa uzi uliopakwa nta.

Mpingo mpya nao una walinzi. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, na wanakijiji huuza magogo ya msitu wao wenyewe.