Mashine ya Kushtua Moyo na Hofu ya Umeme Wake

Jumapili ya tarehe 4 Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Mrisho Khalfan, mshambuliaji wa kikosi cha vijana cha Mbao ya Mwanza, aliifungia timu yake bao dhidi ya vijana wa Mwadui ya Shinyanga, na muda si mrefu baadaye akaanguka uwanjani, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 19. Sikusudii kuhukumu lililofanywa au lisilofanywa saa ile. Nalitaja tukio hili kwa sababu vijana wanaocheza ndondo katika viwanja vya vumbi vya Kalemela wilayani Busega, na kwingineko mkoani Simiyu, ni ndugu wa kanda hiyo hiyo ya Ziwa, na kwa sababu mtu mzima aangukapo ghafla, asiitike wala asipumue sawasawa, maarifa ya waliomzunguka huwa na thamani kubwa kuliko ya tabibu aliye mbali.

Kheri ya maarifa hayo ulimwengu uliishuhudia tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka katika dakika ya 43 ya mechi na Finland, mbele ya macho ya mamilioni. Kifua chake kilibinywa, moyo wake ukashtuliwa kwa umeme mara moja tu, naye akarejewa na fahamu kabla hajatolewa uwanjani. Mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena, akiwa amewekewa ndani ya mwili kifaa kidogo cha kumlinda. Kabla yake, tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka katika uwanja wa Tottenham jijini London, na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga kwa nguvu zake wenyewe, ukashtuliwa mara 15, ilhali mikono ya watu ikiisukuma damu yake muda wote huo. Hakurudi tena mpirani, lakini yu hai.

Chombo kilichotumika, ambacho madaktari hukiita difibrileta na watu wengi hukiita mashine ya kushtua moyo, kimezungukwa na dhana mbili zilizo kinyume: wako wanaodhani kwamba humfufua maiti, na wako wanaodhani kwamba akikigusa asiye daktari atamuua mgonjwa au atakufa yeye. Zote mbili si kweli, na ili kuzifuta hatuna budi kutazama kwanza ni maradhi gani ambayo umeme huo huyatibu.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme wake wenyewe, na nyuzi zote za nyama yake hutii amri hiyo kwa pamoja. Yako maradhi, na yako mapigo ya kifuani, na iko mishtuko ya umeme, ambayo huivuruga amri hiyo hata kila uzi ukawa unatetemeka kwa wakati wake. Basi moyo huwa kama maksai waliofungwa nira moja kisha kila mmoja akavuta upande wake, jasho likawatoka na plau isisogee hata hatua moja. Moyo wa namna hiyo haujafa, bali unahangaika bila kusukuma damu. Umeme wa mashine hupita katika nyama yote ya moyo kwa nukta moja, ukaunyamazisha mtetemeko wote kwa pamoja, ili amri ya asili, ikiwa bado ipo, ipate kusikika tena. Kwa hiyo kazi ya mashine ni kutuliza fujo. Moyo uliokwisha nyamaza kabisa hausaidiwi na umeme. Huo husaidiwa kwa kubinya kifua, pumzi na dawa.

Na hapa ndipo ulipo msingi wa usalama wa chombo hiki. Mashine inayojiendesha, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kwa watu wasio madaktari, huusoma moyo kwa vibandiko viwili vilivyowekwa kifuani, na isipouona ule mtetemeko, au yale mapigo ya kasi kupindukia yaliyo nduguye, hukataa kutoa umeme hata ukibonyeza kitufe mara mia. Huwezi kumshtua kwa makosa mtu aliyezimia kwa njaa au kwa jua la shambani.

Haikufikiwa hali hiyo kwa siku moja. Mwaka 1899 mabwana Prévost na Batelli wa Geneva walibaini, kwa kujaribu mbwa, kwamba umeme uuvurugao moyo waweza pia kuutuliza. Mwaka 1947 Claude Beck wa Cleveland akamwokoa mvulana wa miaka 14 kwa kuushtua kwa umeme moyo wake uliofunuliwa katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1956 Paul Zoll akaweza jambo hilo bila kupasua kifua. Na mwaka 1965 Frank Pantridge wa Belfast akaitia mashine yake ndani ya gari la wagonjwa, ingawa ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Mashine za leo hubebwa kwa mkono mmoja.

Lakini wepesi wake si kitu bila wakati. Kila dakika ipitayo kabla ya mshtuko, pasipo mtu wa kubinya kifua, hupunguza nafasi ya kupona kwa sehemu 7 hadi 10 katika 100, na hospitali ya Bugando, iliyo kimbilio la Kanda ya Ziwa nzima, iko safari ya zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Kalemela. Fanya hesabu mwenyewe. Katika majumba ya kamari ya Marekani, ambako walinzi ndio waliofundishwa kazi hii, walioshtuliwa ndani ya dakika tatu walipona 74 katika 100, na waliocheleweshwa zaidi ya hapo wakapona 49. Katika viwanja vya ndege vya Chicago, ambako mashine zilitundikwa ukutani mahali pa wazi kuanzia mwaka 1999, watu 11 kati ya 18 ambao mioyo yao ilikuwa ikitetemeka waliokolewa katika miaka miwili ya kwanza, na sita miongoni mwa hao 11 waliokolewa na wapita njia wasiokuwa wamefundishwa kuitumia.

Kabla ya mashine iko mikono. Mtu akianguka, mwite kwa sauti na umtikise mabega. Asipoitika, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde kumi. Jihadhari na kukoroma, au kutweta kwa pumzi moja moja za mbali mbali, mfano wa samaki aliyetolewa majini, kwa maana hiyo si pumzi ya uhai, na wengi wamepotea kwa sababu jamaa walisema “bado anapumua”. Jihadhari pia na mtikisiko wa viungo ambao huja mara tu damu ikosekanapo kichwani, ukadhaniwa kuwa kifafa, au ukapewa tafsiri nyingine ambazo wakazi wa nchi yetu hawakosi kuzipata. Mmoja apige simu ya dharura 112 na kutafuta gari, mwingine aifuate mashine kama ipo jirani, na wa tatu apige magoti abinye katikati ya kifua kwa mikono miwili iliyonyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiachia kifua kiinuke kila mara. Ajuaye kutoa pumzi za mdomo atoe mbili baada ya kila mibinyo 30. Asiyejua, abinye tu bila kukoma.

Mashine ikifika huwashwa kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa yenyewe husema la kufanya. Tatizo ni kwamba aghalabu husema Kiingereza au lugha nyingine ya ugenini. Kwa hiyo anayeipokea mashine shuleni au katika zahanati ana wajibu wa kuuliza, kabla ya kuipokea, kama yaweza kuwekewa maneno ya Kiswahili, na isipowezekana awazoeze watu wake picha zilizochorwa juu ya vibandiko, ambazo hazihitaji lugha. Kibandiko kimoja hukaa kifuani upande wa kulia, chini ya mtulinga. Cha pili upande wa kushoto, ubavuni, chini ya kwapa, ili umeme ukatize moyo. Vyote sharti vigusane na ngozi tupu na kavu: mkulima atokaye kuvuna pamba hufutwa jasho, mvuvi hufutwa maji, nywele nyingi za kifua hunyolewa kwa wembe ambao kwa kawaida huwekwa ndani ya mkoba, mkufu na hirizi husogezwa pembeni, na dawa iliyobandikwa kifuani hubanduliwa. Ukiona uvimbe mgumu chini ya ngozi, karibu na bega, huenda ni kifaa cha moyo. Usibandike juu yake, sogea kiasi cha upana wa kiganja.

Mwanamke naye hufunuliwa kifua, na sidiria huondolewa. Najua uzito wa neno hili katika jamii yetu, na najua kwamba kwa sababu yake wanawake hucheleweshwa au huachwa. Sitara yake ni sahali: wanawake wawili au watatu washike kanga kumzunguka, migongo ikitazama umati, na kazi iendelee.

Mashine inaposoma moyo, na inapotoa umeme, mtu yeyote asimguse mgonjwa, na hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Hatari ya kweli haimpati mbonyeza kitufe ambaye akili yake iko kazini. Yamkini itampata mama aliyekumbatia miguu ya mwanawe, au kijana aliyemshika kichwa kwa huruma. Kwa hiyo mwenye kitufe hupaza sauti, “Ondokeni, asimguse mtu!”, kisha hutazama kuanzia kichwani hadi unyayoni kwa macho yake mwenyewe, ndipo abonyeze. Majani yaliyolowa umande si kizuizi maadamu kifua ni kikavu, lakini aliyelala katika dimbwi hutolewa humo kwanza. Bati, au sakafu ya nyuma ya pikapu, si kizuizi pia, ilimradi kibandiko kisiguse chuma. Bomba la hewa ya oksijeni husogezwa umbali wa mita moja, na palipomwagika petroli, kama katika ajali ya bodaboda aliyebeba madumu, mgonjwa huhamishwa. Baada ya mshtuko usikae kumtazama kama ataamka: rudi kubinya kifua papo hapo, dakika mbili kamili, mpaka mashine yenyewe iseme muachane naye ili imsome tena. Vibandiko havibanduliwi, na mashine haizimwi, hata akifumbua macho, mpaka apokewe na waganga.

Mtoto aliye chini ya miaka minane huwekewa vibandiko vya watoto. Visipopatikana, vya watu wazima hutumika, kimoja mbele na kimoja mgongoni ili visigusane, kwa kuwa umeme uliozidi kidogo ni afadhali kuliko kukosa umeme. Mjamzito hushtuliwa kama mtu mwingine. Aliyezama majini, na upande wa Busega hilo si jambo la kusimuliwa tu, hukosa pumzi kwanza kabla ya moyo kusimama. Basi huanzwa kwa pumzi tano za mdomo, na mashine hufuata baadaye.

Nimebakiza radi, kwa kuwa ndiyo inayotugusa zaidi. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi saba wa shule ya sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, na kuwajeruhi wenzao wengi. Katika nchi hii wako waogopao kumgusa aliyepigwa na radi, wakidhani moto wake ungali mwilini. Mwili haubaki na umeme hata kidogo, na kumgusa ni salama tangu nukta ya kwanza, ila tu muondoke mahali pa wazi kama mvua bado inanguruma. Zaidi ya hayo, radi hupindua desturi ya msaada: anayelia na kugaagaa ana nafasi kubwa ya kuishi, na yule aliyenyamaza kimya, asiyepumua, ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kwa maana mara nyingi moyo wake huanza tena wenyewe ilhali pumzi imesahaulika, na kwa kukosa pumzi moyo huingia katika mtetemeko na kusimama mara ya pili. Pumzi za mdomo hapo ni dawa, na mashine ikiwapo ni ngao.

Mashine hii bado ni adimu kwetu, na pale inapokuwapo hutazamwa kwa heshima iliyopita kiasi. Mwaka 2013 FIFA iliyagawia mashirikisho yote wanachama mikoba ya dharura yenye mashine hii, lakini ndondo ya kijijini haisimamiwi na FIFA, na shule ikipata msaada wa namna hiyo huufungia katika kabati la ofisi, ufunguo ukasafiri na mwenyewe kwenda mnadani. Nyingi hazipendi joto linalozidi nyuzi 50, kwa hiyo buti la gari linaloshinda juani si mahali pake. Vibandiko hukauka na huandikwa tarehe ya mwisho, aghalabu miaka miwili hivi. Betri nayo huchakaa hata isipotumika. Taa ndogo ya kijani humwonyesha mtazamaji kwamba iko tayari, nayo itazamwe kila wiki na mtu aliyetajwa kwa jina.

Ombi langu kwa walimu wakuu, kwa viongozi wa halmashauri na kwa waandaaji wa mashindano ya mpira ni hili: msingoje fedha za mashine ndipo mfundishe watu, kwa maana kubinya kifua hakununuliwi, na mchana mmoja wa mafunzo chini ya mti kwa msaada wa mganga wa kituo cha afya kilicho jirani watosha kuanzia. Na siku mashine itakapokuja, itundikeni mahali ambapo mlinzi, mpishi na mwanafunzi waweza kuifikia usiku na mchana, bila kufuli.